Mama mwenye maradhi ya akili na ziwa la mwanawe

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Juzi baada ya Isha dada mmoja aliniletea ujumbe. Amenipa ruhusa nijibu hapa, bila jina wala mtaa. Anasema: "Ustadh, wifi yangu amejifungua, leo siku ya kumi na tisa. Ana maradhi ya akili tangu usichana, anameza dawa za hospitali. Mama anasema asimnyonyeshe mtoto, maziwa yake yatamtia mtoto kichaa. Kaka anasema anyonyeshe kwa sababu ni haki ya mtoto, ila aache dawa. Mwenyewe analia tu. Sharia inasemaje?"

Ningeweza kumjibu kwa mistari mitatu. Ndivyo nilivyomjibu mtu zamani, na jibu lile bado linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo somo la leo ni refu. Kaa chini ulisome mpaka mwisho, usije ukakata kipande cha katikati ukakirusha kwenye magrupu.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijapewa msikiti huu, nilikuwa nasomesha chuo katika kijiji kimoja upande wa delta, kule Ruvuma inakomwaga maji yake baharini na watu wanaishi kwa mpunga, samaki na korosho. Mke wa jirani yangu alijifungua. Siku ya sita akaacha kulala. Sisemi usingizi wa kukatwakatwa na mtoto, huo kila mzazi anaujua. Huyu hakulala kabisa usiku tatu. Anafagia uwanja saa nane za usiku, anazungumza na watu ambao hatuwaoni, mara akasema mtoto huyu si wangu, wamenibadilishia. Wakampeleka hospitali, akapewa dawa, na baada ya wiki kama mbili akarudi ametulia. Anamjua mwanawe, anamnyonyesha, anacheka na wenzake.

Mumewe akanijia. "Maalim, hizi dawa zinamlaza. Na mtoto ananyonya dawa. Si dhambi hii?"

Sikumuuliza jina la dawa. Sikumwambia arudi kwa daktari akaulize. Sikusema tumwite mke mwenyewe tumsikie. Nilikuwa kijana, nimetoka kusoma, aya ziko mdomoni, nikamjibu papo hapo: maziwa ni haki ya mtoto miaka miwili, Qur'ani imesema, dawa aziache, mengine tutamsomea.

Aliziacha siku hiyohiyo. Na tulimsomea, wallahi tulimsomea kwa ikhlasi. Siku ya tisa akatoka usiku akashika njia ya mikoko, wakampata asubuhi miguu inatoka damu. Maradhi yalirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtoto akabaki kwa bibi yake, na bibi masikini ya Mungu akampa alichokuwa nacho, uji mwepesi wa mahindi uliopikwa kwa maji ya kisima chetu cha chumvichumvi. Wiki iliyofuata mtoto akaanza kuharisha. Swala ya jeneza niliisalisha mimi.

Yule mama alipopata nafuu tena alinisimamisha njiani. Akaniuliza: "Maalim, maziwa yangu ndiyo yaliyomuua?"

Mtoto alikuwa hajayagusa maziwa yake karibu wiki mbili. Kilichomuua hakikutoka kwenye ziwa la mama yake, kilianzia kwenye jibu langu barazani. Hilo sikuwa na ushujaa wa kumwambia siku ile. Nikamwambia ni qadar ya Allah, nikaenda zangu. Ni kweli kila kitu ni qadar, lakini mimi niliitumia qadar kujifichia.

Ndiyo maana nimekwambia ndugu yangu leo sitajibu kwa mistari mitatu.

Tuanze na kauli ya mama mkwe, kwamba maziwa ya mama mgonjwa wa akili yanampa mtoto kichaa. Sisi watu wa Kusini tuna mengi ya namna hii kuhusu ziwa. Kuna ziwa limechacha, kuna mtoto amebemendwa, kuna mama aliyetishwa na chui akiwa shamba basi maziwa yake yana hofu. Hebu nikupe hadithi moja ambayo huisikii kwenye mawaidha ya arusi. Imepokewa na Imam Muslim katika Sahih yake, kutoka kwa Judama bint Wahb. Waarabu walikuwa na hofu inayofanana sana na hii yetu ya kubemenda, wakiamini kwamba mwanamume akimwingilia mkewe anayenyonyesha basi mtoto anadhurika. Mtume (s.a.w.) alitaka kuwakataza watu jambo hilo. Kisha akatazama, akaona Warumi na Wafursi wanafanya na watoto wao hawadhuriki, basi hakukataza. Subhanallah! Mtume wa Allah mwenyewe, jambo la ziwa na afya ya mtoto, amelipima kwa kuangalia yanayotokea kwa watu, tena watu wasiokuwa Waislamu. Wewe na mimi tunalipima kwa maneno ya jirani.

Sasa najua yupo mwanafunzi wa dini atakayeniandikia chini hapa kwamba vitabu vyetu vinakataza kumnyonyesha mtoto kwa mwanamke mpumbavu. Naam, ipo riwaya hiyo, na sanadi yake ina udhaifu. Hata ukiichukua, inazungumzia kumchagua mwanamke wa kuajiriwa, achaguliwe mwenye tabia njema. Haimzungumzii mama aliyepatwa na maradhi akanyang'anywa mwanawe. Maradhi si upumbavu. Tena nimewauliza wanaojua, wakaniambia maradhi haya yana upande wa urithi, kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko mwingine wa kuyapata ukubwani. Lakini urithi huo mtoto ameshazaliwa nao, hauji kwa ziwa. Ukimnyima ziwa hujamwondolea kitu, umemwondolea maziwa tu.

Nije kwa kaka. Huyu ana aya, na mwenye aya akikosea anakosea kwa nguvu, mimi ni shahidi wa hilo. Aya ni ya 233 katika Suratul Baqara. Kila mtu anaijua nusu yake ya kwanza, kwamba wakina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Wengi tunaishia hapo. Aya ni ndefu ndugu yangu, endelea kusoma! Inaendelea kwamba chakula na mavazi ya huyo mama ni juu ya baba kwa wema. Inaendelea kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa uwezo wake. Inaendelea kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Inaendelea kwamba wazazi wawili wakiridhiana na kushauriana kumwachisha ziwa, hapana ubaya juu yao. Na inamalizia kwamba mkitaka kumpa mwanamke mwingine amnyonyeshe, hapana ubaya, mkimlipa kwa wema. Aya moja, na milango yote hiyo. Mimi kijana nilimsomea yule jirani mlango mmoja nikamfungia mingine yote.

Hebu rudi kwenye hilo neno la mama kudhuriwa. Mwanamke anayetulizwa na dawa ukamwondolea dawa ili anyonyeshe, akarudi kuchanganyikiwa, hujamdhuru kwa sababu ya mwanawe? Nitajie dhara iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Na tuliosoma Minhaj ya Imam Nawawi tunajua wanavyosema mafakihi wetu wa Kishafi. Mama anawajibika kumpa mtoto yale maziwa ya mwanzo, dang'a, kwa sababu mtoto anayahitaji sana. Baada ya hapo, akipatikana mwingine wa kunyonyesha, mama halazimishwi. Anakuwa na wajibu pale tu asipopatikana mwingine. Hapo fakihi anazungumzia mama mzima wa afya! Sasa wewe unamlazimisha mgonjwa kwa jina la sharia, sharia ipi hiyo? Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alinyonyeshwa na Thuwayba, kisha akapelekwa kwa Halima wa Bani Saad, akakulia kule jangwani.

Dada yangu mgonjwa unayesoma hapa, na najua mpo, maana mnaniandikia usiku watu wakilala: usipoweza kunyonyesha kwa ajili ya maradhi yako au dawa yako, huna dhambi. Usiposhika akili yako kwa siku kadhaa, katika siku hizo kalamu imeinuliwa, huandikiwi. Hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa watu watatu unaijua, mwendawazimu mpaka apate akili ni mmoja wao. Ukizinduka usianze kujihesabia yaliyopita siku ambazo Malaika hawakuyahesabu.

Lakini nisije nikaonekana nasema dawa ya jambo hili ni kumnyang'anya mama mtoto. Hilo nalo ni dhulma, na huku kwetu ndilo linalotokea zaidi. Mama akishaitwa kichaa mara moja, mtoto anachukuliwa, na akipona harudishiwi. Wanamwambia pumzika. Anapumzika mwaka mzima na matiti yanajaa na kukauka huku mwanawe analia chumba cha pili.

Soma kisa cha mama wa Nabii Musa katika Suratul Qasas, aya ya 7 mpaka ya 13. Sisemi aya zimeshuka kwa ajili ya maradhi haya, nasema tuzitazame tupate mazingatio. Kwanza kabisa anaamrishwa amnyonyeshe. Kisha anaambiwa, ukimhofia basi mtie mtoni, na anapewa ahadi palepale kwamba atarudishiwa. Anamtia, na moyo wake unakuwa mtupu, anakaribia kulidhihirisha jambo lile, mpaka Allah anaufunga moyo wake. Huyo ni mwanamke ambaye Allah mwenyewe alimpa ilhamu, na akili yake iliyumba kwa kutengana na mtoto. Anamtuma dada yake Musa amfuatilie kwa mbali, asimwache macho. Musa anakataa wanyonyeshaji wote, kisha anarudishwa kwa mama yake. Kwa nini? Aya inasema ili jicho lake litulie na asihuzunike. Haikutaja tumbo la mtoto peke yake, ilitaja na huzuni ya mama. Basi mtoto akitengwa kwa hofu ya kweli, atengwe kwa muda wa hofu, ndugu awepo anayetazama, na arudishwe hofu ikiondoka.

Hofu ya kweli ipo, tusidanganyane. Kuchanganyikiwa kukali baada ya kujifungua kunampata kama mama mmoja au wawili katika kila elfu moja wanaojifungua, na mara nyingi kunaanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Aliyekuwa na maradhi ya akili ya kupanda na kushuka tangu zamani, au aliyepatwa uzazi uliopita, huyo hatari yake ni kubwa kuliko wengine. Ukisikia mzazi hajalala siku mbili tatu na wala hasikii uchovu, anasema mtoto si wake, au anasikia sauti inamwamrisha jambo kuhusu mtoto, hapo huna swali la maziwa. Hapo kuna boda au gari, hospitali, siku hiyohiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake hata dakika moja. Usimfunge kamba. Usimpeleke kwanza kwa mganga ukasema tujaribu wiki moja. Ruqya mimi naifanya na nitaendelea kuifanya, majini yapo kwa nassi ya Qur'ani, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na kisomo hakijawahi kuharibiwa na kidonge. Nitakusomea palepale wodini. Na kombe, kama mama anakunywa kombe basi anywe mama. Kichanga cha siku kumi usikimiminie kitu mdomoni zaidi ya maziwa.

Haya, dawa. Mimi si daktari, na dozi haichukuliwi kwenye posti ya ustadh. Ila baada ya msiba ule nilijilazimisha kuuliza, na nimeendelea kuwauliza madaktari na wauguzi wa afya ya akili kila ninapowapata. Nikupe kwa ufupi niliyoyaelewa.

Dawa nyingi za maradhi ya akili zinapita kwenye maziwa, ni kweli, lakini nyingi zinapita kwa kiasi kidogo, na wapo wakina mama wengi wanazimeza na wananyonyesha huku mtoto anaangaliwa. Anaangaliwa nini? Kama analala kupita kiasi, kama haamki kunyonya, kama ananyonya kwa ulegevu, kama uzito haupandi kwenye kadi ya kliniki. Ukiona hayo unarudi kwa daktari, apunguze au abadilishe. Zipo dawa chache ambazo ni mazungumzo mengine. Lithiamu inapita kwa wingi zaidi, inataka damu ya mama na ya mtoto ipimwe, na kipimo hicho hakipatikani kila zahanati. Klozapini, kwa kawaida anayeitumia huambiwa asinyonyeshe. Valproeti, tatizo lake kubwa liko kwenye mimba ijayo, inaharibu kilicho tumboni, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa anayeimeza azungumze na daktari wake mapema hata kama hana mimba leo. Na sindano ile ya kila mwezi, usiikimbie kwa sababu unanyonyesha kabla hujauliza.

Umeona sasa? Neno "dawa za akili" si jibu. Swali ni dawa gani, kiasi gani, mtoto ana umri na uzito gani, alizaliwa njiti au alitimiza miezi. Anayejua hayo ni mwenye kumtibu. Na kuacha dawa ghafla ndilo jambo ambalo kila niliyemuuliza alinikataza, wote, bila khitilafu. Nilitamani ningewasikia miaka ile.

Kuna jambo jingine walinifunza ambalo sikulitarajia. Usingizi wa usiku kwa mgonjwa wa namna hii ni sehemu ya tiba yake, akikosa usingizi siku kadhaa maradhi yanaweza kuamka. Sasa kichanga kinaamka mara tatu nne usiku. Nani aamke? Hapa hutasikia mtu anataja aya! Mama anaweza kukamua kwa mkono kabla ya kulala, maziwa yakawekwa kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, na kwa joto letu hili yasikae zaidi ya masaa manne nje ya friji. Usiku akaamka baba, au bibi, au shangazi, akamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa. Mama akalala. Na kama dawa zake zinamlaza sana, mtoto asilazwe kitanda kimoja naye, awe kwenye mkeka wa pembeni na mtu mzima anayeamka.

Baba, hili nalisema kwako wewe mwenye kanzu unayewahi safu ya kwanza. Kuamka usiku kumnywesha mwanao hakukupunguzii uanaume. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, ikifika swala akatoka.

Kuhusu kumnyonyesha kwa mwanamke mwingine. Sharia imeruhusu, lakini siyo jambo la kufanya kimyakimya uani. Kwetu Washafi, kunyonya mara tano za kushiba, mtoto akiwa chini ya miaka miwili, kunajenga udugu. Huyo mwanamke anakuwa mama yake wa ziwa, watoto wake wote ni ndugu zake, hawaoani milele. Sasa chukua kijiji kama vyetu, Msimbati au Msangamkuu, ambako binamu wanaoana kila siku. Shangazi akimnyonyesha mtoto huyu, basi hawezi kumwoa binti ya shangazi. Iandikwe. Waambiwe wazee wa pande mbili, itajwe na tarehe. Na huyo mnyonyeshaji apime VVU kwanza. Hapa sizungumzii shaka ya tabia, nazungumzia roho ya mtoto.

Asipopatikana? Kuna maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Nasikia watu wanauliza kama ni haramu, kwa sababu kliniki wanakataza. Si haramu. Nchi yetu ina kanuni zinazozuia kuyatangaza kibiashara, na sababu yake ni njema, maana wakina mama wazima walikuwa wanadanganywa waache maziwa yao. Kila mwaka tarehe 1 mpaka 7 Agosti inakuja Wiki ya Unyonyeshaji, tunaambiwa miezi sita maziwa ya mama matupu bila hata maji, na mimi naliunga mkono hilo mimbarini. Lakini mama mwenye sababu ya maradhi siye aliyekusudiwa, na asisimangwe. Tatizo la kopo huku kwetu ni hela na maji. Kopo haliishi wiki nyingi, na mtu akiona linaisha anaanza kuzimua, kijiko kimoja badala ya viwili, mtoto anashiba maji anakonda. Maji yachemshwe mpaka yatokote. Kikombe kichemshwe. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa. Uji si mbadala kabla ya miezi sita, maziwa ya ng'ombe hivihivi si mbadala, maji ya mchele si mbadala. Nimezika mtoto kwa hilo.

Na hela ni ya nani? Ni ya baba. Suratul Talaq aya ya 6 inamtaka baba amlipe hata mama aliyemtaliki akimnyonyeshea mwanawe, na ikiwa uzito, basi amnyonyeshee mwingine. Wajibu wa kumgharamia mtoto hauondoki kwa sababu mama ameumwa, unazidi. Msimu wa korosho ukifunguka, hela za mnada zikiingia, tunaona pikipiki mpya mjini, tunaona ngoma za unyago zinachezwa wiki nzima. Kopo la maziwa la mtoto wa mke mgonjwa linaachiwa bibi achangishe.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Rudi kwenye ujumbe wa dada yule. Mama amesema. Kaka amesema. Yeye mwenyewe analia tu. Ndugu yangu, hakuna mtu aliyemuuliza anataka nini!

Aya imesema kuridhiana na kushauriana kwa wawili. Anayejua Kiarabu ataona hapo neno limekuja kwa sigha ya wawili, baba na mama. Haikusema mama mkwe, haikusema mjomba, na mjomba kwetu Umakondeni ana sauti, namheshimu, mimi mwenyewe ni mjomba wa watu. Hao watoe ushauri, lakini ridhaa ni ya wawili. Na usiniambie huyu ni mgonjwa hana ridhaa. Mgonjwa wa akili hawi mgonjwa kila saa. Akiwa katika hali yake ya akili, anaulizwa kama unavyoulizwa wewe. Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa, kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume alimhiyarisha yeye mwenyewe, asubiri apate Pepo au amwombee apone. Akachagua kusubiri, na akaomba aombewe asifunukwe anapoanguka. Akaombewa hilo alilolitaka yeye. Hakuitwa walii wake.

Tena bora aulizwe mapema. Mke wako ana maradhi haya na ana mimba, usisubiri uchungu. Mwezi wa saba nenda naye kliniki, kaeni wawili mbele ya daktari, mkubaliane: akiwa mzima atanyonyesha vipi, dawa ipi, nani ataamka usiku, akizidiwa mtoto atapewa nini na nani, na akilazwa nani atakwenda na mtoto ili aendelee kumwona mama yake. Kuna nchi zina wodi ambamo mama mgonjwa wa akili analazwa pamoja na kichanga chake. Uingereza zipo, na India katika mji wa Bengaluru wanayo tangu 2009. Hapa kwetu omba uulizwe angalau kama mtoto anaweza kuletwa mchana. Kuomba si kosa.

Yule mama wa delta alizaa tena. Safari hii hawakuja kwangu kwanza, walikwenda hospitali kwanza, kisha wakaja kwangu kuniambia walichoambiwa. Alibaki kwenye sindano, akanyonyesha mchana, usiku dada yake akawa anaamka. Kuna siku aliumwa kidogo, wakamrudisha hospitali mapema. Nilikwenda kwenye akika. Nikamwomba msamaha mbele ya mumewe kwa lile jibu la kwanza, nikamweleza kwamba maziwa yake hayakumuua yule mtoto. Alinyamaza muda mrefu, akaniambia, "Maalim, ungeniambia siku ile."

Dada uliyeniuliza, jibu lako ni hili. Mwambie mama yako kichaa hakipiti kwenye maziwa. Mwambie kaka yako asimguse mkewe dawa zake, na kesho asubuhi wachukue vidonge na pakiti yake, kadi ya kliniki na mtoto, waende wote wawili kwa anayemtibu, waulize kuhusu dawa hiyo kwa jina lake. Kabla hawajatoka nyumbani, wewe kaa na wifi yako chumbani mlango umefungwa, umuulize anataka kunyonyesha au hataki, na akikujibu usimbishie. Jibu lake kaka yako alibebe mpaka kwa daktari. Kama hana nauli mwambie anipigie leo baada ya Maghribi, namba anayo.

Suala la ndugu wa ziwa na hesabu ya zile mara tano limeulizwa na wengi, nitalichambua peke yake Ijumaa inshaallah.

Wallaahu a'lam.